Umekosea, Mama

Mkaza mwanangu alikuwa na neno moja tu la kunijibu: "Sawa, mama." Nikimwambia mchuzi umezidi chumvi, sawa mama. Nikimwambia mchuzi haukukolea, sawa mama. Siku moja nikamjaribu makusudi. Chungu kile kile, asubuhi nikamwambia kimezidi, mchana nikamwambia hakikukolea, akaniitikia mara zote mbili na uso wake haukubadilika hata ukope. Nikamwita mwanangu, nikamuuliza, "Wewe umeoa mke au umenunua redio?" Akacheka. Akanambia, "Mama, kwao ndivyo walivyomlea. Mkwe habishiwi."

Kwao ni watu wa Tabora. Wazee wake walirudi Oman kutoka bara, sisi tulirudi kutoka Unguja. Hapa Muscat watu wa nje wanatuona sote wamoja, lakini sisi wenyewe tunajuana. Yeye husema "nina", mimi husema "nna". Yeye akinisalimu asubuhi hupiga goti kidogo, "Shikamoo, mama," na mimi niliyezoea sabalkheri ya mbali mbali, kila mtu na kikombe chake cha chai mkononi, nilikuwa nikishtuka kila siku.

"Simama wima, mwanangu, magoti yatakuuma."

"Sawa, mama."

Kesho yake anapiga goti vile vile.

Nampenda. Bora niseme mapema, maana wako watu wakinisikia nnavyomsema hudhani nna ugomvi naye. Nampenda tangu wiki ya mwanzo alipoingia jikoni akanikuta nakata vitunguu na machozi yananitiririka, akanitoa kisu mkononi bila ya kusema neno, akavikata vilivyobaki, akalia yeye. Mtu kama huyo humpati kwa kutafuta.

Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali moja pale Khuwair ya Kusini. Si mfamasia, msaidizi. Anahesabu vidonge, anabandika karatasi, anampa mgonjwa, lakini anayetia saini ni mfamasia. Na yeye alitaka kuwa huyo anayetia saini. Hospitali ikakubali kumwachia aende akasome na mshahara wake abaki nao, ila ni mtu mmoja tu kwa mwaka ule, na yuko mwenzake nyuma yake anasubiri zamu. Chuo nacho kikaweka sharti lake: kabla hata ya kuleta maombi, upite mtihani wa kalkulasi. Mkwe wangu keshapita thelathini, ana watoto wawili, na mara ya mwisho kushika hesabu zaidi ya kugawa vidonge alikuwa bado msichana. Asipopita, nafasi anapewa mwenzake. Na huyo mwenzake hana watoto, wala mama mkwe.

Sisi skuli tukiiita tafadhul na takamul, kwa Kiarabu. Iite jina ulipendalo, ni hesabu ya vitu vinavyobadilika: vinakwenda kasi gani, na vikishakwenda vimekusanyika kiasi gani. Hiyo ndiyo iliyonilisha mimi. Niliwafundisha wasichana wa Muscat tangu nna nywele nyeusi mpaka nikastaafu na hizi nilizonazo. Wengine sasa ni madaktari wakubwa, na wakiniona supamaketi hapa Ansab hugeuza magari yao ya kusukuma wakaingia njia nyengine.

Basi nikamsikia mwanangu anazungumza na mkewe ukumbini, anamwambia watatafuta mwalimu wa kuja nyumbani. Mwalimu! Nikatoka chumbani na mswaki mkononi.

"Nyumba ina kisima," nikamwambia, "na wewe unaagiza lori la maji?"

"Mama, sikutaka kukuchosha."

"Nani kakwambia nimechoka? Kesho, baada ya alasiri. Meza isiwe na vyombo."

Mkwe wangu akasema nini? Unajua alichosema.

Tulikaa meza ya kulia. Mwanangu aliwatoa watoto nje, mimi nikaweka dele la kahawa, sahani ya tende na vifinjani viwili, na kitabu chake cha chuoni katikati. Mimi ni mkali, sikatai. Zamani chaki ilikuwa ikinitoka mkononi ikatua ubaoni upande wa mwanafunzi anayesinzia, na sikuwahi kukosa. Mwanangu aliniomba, "Mama, usimfokee, tafadhali." Nikamwambia sifoki, nafafanua kwa sauti.

Nikaanza na jambo analolijua. "Ukitoka hapa kwenda Qurum kwa dada yangu, nikijua saa uliyotoka na saa uliyofika, ntajua mwendo wako wa wastani. Sivyo?"

"Sawa, mama."

"Lakini ile radar ya barabarani, inajua saa uliyotoka nyumbani?"

"Hapana, mama."

"Sasa inajua nini?"

Akafikiri. Uso ukaanza kufunguka. "Inajua nilivyokuwa nakimbia pale pale iliponipiga picha."

"Basi tafadhul ndiyo hiyo. Mwendo wa pale pale." Akacheka, mkono mdomoni, maana ile radar inamjua vizuri.

Kwa ile ya pili, ya kukusanya, nilimpa mfano wa dripu. Dripu inadondoka, mara haraka, mara pole pole. Mpaka ifike jioni mgonjwa kaingiwa na dawa kiasi gani? Nikamchorea mstari unaopanda na kushuka, nikaupaka rangi chini yake. Hicho kilichopakwa rangi ndicho kilichoingia mwilini. Aliikamata mara moja, akaniuliza mpaka kuhusu dripu inayobanwa katikati. Nikasema moyoni, ah, huyu mtoto ana kichwa, na mimi nilimdhania redio.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Anarudi kazini, anawalisha watoto, anakuja mezani bado ana harufu ya dawa mikononi. Namfafanulia kwa sauti. "Umefahamu?" "Sawa, mama." Nageuza ukurasa. Niliona raha ambayo sikuiona tangu siku niliyorudisha funguo za kabati langu la skuli. Nilikuwa naamka asubuhi nikijua alasiri nna kazi.

Sasa hapa lazima nieleze mkono wangu. Unguja nilianza hesabu kama wanavyoanza wengi, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilipokuja Muscat na kuajiriwa, nikakuta hesabu za skuli zinaandikwa kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka alama zenyewe zimegeuka. Nilitaabika, wallahi, nilikuwa nafanya mazoezi jikoni huku wali unaungua. Lakini mkono ukakubali, na ukakubali moja kwa moja. Kitabu cha mkwe wangu kinaandikwa kutoka kushoto. Nilikuwa nakiona, nakisoma, hakinishindi. Mkono ndio haukupewa habari.

Unapotafuta kile kilichopakwa rangi chini ya mstari, mwisho wa kazi unakuwa na thamani mbili, ya mwisho na ya mwanzo. Unaitoa ya mwanzo katika ya mwisho. Tuseme ya mwisho ni tisa na ya mwanzo ni moja: tisa toa moja, nane, basi. Mimi mkono wangu ukaweka tisa upande wa kulia, kama ulivyofanya miaka yote, na moja upande wa kushoto. Mtu wa Kiarabu akiisoma ni tisa toa moja. Mtu wa kitabu cha mkwe wangu akiisoma ni moja toa tisa. Na mimi hesabu ya mwisho sikuwa naimaliza. Tangu skuli nna desturi hiyo: mwalimu anafika mlangoni, mwanafunzi ndiye anayefungua. Nikishaandika mstari huo nampa kalamu, "Haya, malizia," na mimi najimiminia kahawa.

Akawa anamalizia. Hasi nane. Hasi kumi na mbili. Hasi tano na nusu. Ukurasa mzima wa vitu vilivyoingia mwilini, vyote hasi.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wenyewe, chuo kikawapa mtihani wa majaribio. Akarudi, akaenda moja kwa moja chumbani kwake. Mwanangu akanijia, akanambia kwa sauti ya chini kwamba amefeli, na si kwa kidogo.

Nikaomba karatasi. Nikavaa miwani. Ya radar yote kapata. Nikafungua ukurasa wa dripu, nikaona hasi, hasi, hasi, na kalamu nyekundu imepita juu yake kama imechinja kuku.

"Njoo hapa!" Akaja. "Nini hii? Mgonjwa katiwa dripu mchana kutwa, halafu dawa iliyomwingia ni pungufu ya hakuna? Imetoka kwake ikapanda juu kwenye mfuko? Nani kakufundisha upuuzi huu?"

Akainamia meza.

"Nakuuliza, nani?"

Akainua macho, akaniangalia, akayashusha tena. Na mimi nikatazama ile karatasi vizuri. Moja kushoto, tisa kulia. Nikalijua lile tendo kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Nikavuta daftari letu la mazoezi, nikafungua: huo hapo mkono wangu, kila ukurasa, umegeuka.

Nikakaa.

"Hukuona kwamba ni kosa?" nikamuuliza, sauti imeshuka.

"Niliona, mama."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Majibu yapo nyuma ya kitabu."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nikisema, nitaandika kama mama anavyotaka hapa, halafu kwenye mtihani nitageuza. Lakini nilipoingia kwenye mtihani, mkono ulishazoea."

Loh! Mkono ulishazoea. Nimfokee vipi, na wangu ndio ule ule?

Lakini nilimfokea, kwa sababu nilikuwa na uchungu. Miaka yote ile hakuna mwanafunzi wangu aliyepata kufeli kwa ajili yangu, halafu anakuja kufeli mtoto wa nyumbani kwangu. "Kwa nini hukunambia? Una mdomo! Kuuliza si ujinga, na kusema si utovu wa adabu!"

"Wewe ni mama yangu," akasema. "Nikukosoe vipi?" Kisha akasema jambo jengine, taratibu, anakunja ncha ya mtandio. "Na niliwahi kujaribu, mama. Siku ile uliyopata kizunguzungu ukakaa chini bafuni. Nilikuona unameza kidonge cha presha mara ya pili. Nikakwambia, mama, si umeshameza? Ukaniambia, mimi si mtoto. Nikanyamaza."

Sikulikumbuka hilo. Kizunguzungu nakikumbuka, vigae vya bafuni navikumbuka, vilikuwa baridi. Neno nililomjibu silikumbuki, lakini nalijua kuwa ni langu, maana nalisema kila siku.

Nikamuuliza, "Hospitali, daktari akiandika dawa kinyume, unafanya nini?"

"Namwambia mfamasia. Yeye ndiye anayempigia daktari simu."

"Na mfamasia akiwa ni wewe?"

Nikamwona anafikiri, anaifuata ile njia mpaka mwisho wake, na huko mwisho amesimama daktari, mtu mzima, mwenye cheo, na yeye ndiye wa kumwambia. Macho yakamjaa maji. Mimi pia, lakini mimi nilikuwa na miwani.

"Basi," nikasema, "tunaanza upya. Kuanzia kesho nakosea makusudi. Na wewe kila nikikosea unanambia, 'Umekosea, mama.' Hivyo hivyo. Bila ya kupiga goti."

Ee, shughuli! Siku ya kwanza niliandika mbili jumlisha mbili ni tano, wazi, hata mjukuu wangu angeona. Akaitazama. Akajisogeza kwenye kiti. "Mama," akasema, "umepumzika mchana leo?"

"Nimepumzika. Sema."

"Labda tuuangalie tena mstari huu, kama utaona inafaa."

"Inafaa nini? Sema: umekosea!"

"Mama... kalamu imeteleza."

Nikapiga meza, tende zikaruka. Mwanangu akachungulia mlangoni, akarudi alikotoka haraka. Siku tatu nzima tulikwenda hivyo. Kalamu imeteleza, taa haitoshi, labda kitabu nacho kina yake, kila mtu ana makosa isipokuwa mimi. Nikaona mtihani utafika na sisi bado tuko kwenye mbili na mbili.

Kilichotusaidia ni kahawa. Hapa kwetu mtu akishatosheka hasemi basi. Hukitikisa kifinjani kitupu huku na huku, na anayemimina anafahamu. Hata mtoto mdogo anaweza kumtikisia mzee kifinjani, na hakuna anayemwona hana adabu. Alasiri moja nilikuwa nimeshika dele mkono mmoja na kalamu mkono mwengine, naandika kosa huku namimina, na yeye akakitikisa. Nikaacha kumimina. Lakini nikaona hakutazama dele, anatazama karatasi.

"Hicho umekitikisia kahawa au umenitikisia mimi?"

Akainamisha kichwa. "Vyote viwili, mama."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Basi ikawa ndiyo sheria yetu. Mdomo umekataa, kifinjani kiseme. Nikiandika kosa, kifinjani kinatikisika. Mwanzo kidogo, kwa woga, kisha kikachangamka. Nikificha kosa kwenye mstari wa tano, anakitikisa. Nikiweka tisa upande wa kulia, anakitikisa kabla sijainua kalamu. Na mara nyengine alinitikisia pahala ambapo sikukusudia kosa lolote, nikawa mbogo, nikaangalia, nikalikuta limekaa pale linanisubiri. Mwanangu alikuwa akipita anasema, "Huko kuna somo au kuna kayamba?" Tukimfukuza sote wawili kwa pamoja.

Lakini kusema kwa mdomo, hapana. Nilimwambia, "Daktari hutamtikisia kifinjani kwa simu, mwanangu." Akasema, "Sawa, mama," na sikuwa na la kumfanya.

Mtihani ulikuwa Jumapili. Ijumaa kabla yake ilikuwa zamu yetu ya chakula cha mchana, na dada yangu mkubwa akaja kutoka Qurum na watu wake. Dada yangu ni mtu wa taratibu. Kwake mkwe hukaa karibu na mlango, anyanyuke upesi. Nilikuwa nimemkataza mkwe wangu jiko siku ile, biriani niliipika mwenyewe, na dada yangu aliliona hilo tangu alipovua viatu.

"Mkwe anasoma, wewe unapika," akanambia.

"Nna mikono miwili."

"Na akishapata huo ufamasia, watoto watalelewa na nani?"

"Na baba yao. Yeye pia ana mikono miwili."

Tukala. Baada ya chakula, kwa kuwa mkwe leo kafanywa mgeni, dada yangu mwenyewe akashika dele na kutumiminia kahawa. Mimi nikaanza kusimulia kisa cha harusi moja tuliyokwenda, watu wanacheka, na huku nasimulia nikafungua mkoba, nikatoa kidonge changu cha presha, kikawa kwenye kiganja. Kwa pembe ya jicho nikaona kifinjani kinatikisika upande wa pili. Sikukitilia maanani, nilikuwa nimefika pahala patamu pa kisa. Dada yangu akakiona.

"Umetosheka? Haya, lete," akakichukua mkononi mwake, akakiweka kwenye sinia.

Mkwe wangu akabaki na mikono mitupu.

"Mama," akasema.

"Ngoja nimalize."

"Mama, hiyo dawa umeshameza."

"Sijameza."

"Umemeza asubuhi."

"Mimi si mtoto!" nikasema, na nilisema kwa sauti ile ile, mbele za watu wote, na nikanyanyua glasi ya maji.

Akasimama. Hakupiga goti, alisimama wima kabisa. Rangi imemtoka, anamtazama mumewe, anamtazama dada yangu, vidole vinashika hewa kama vinatafuta kifinjani. Kisha akanitazama mimi.

"Umekosea, mama."

Watoto waliokuwa wanacheza wakaacha. Dada yangu akasema, "La haula!" Na mimi, nisidanganye, hasira zilinipanda mpaka masikioni. Kufundisha ni kufundisha, lakini hii ni Ijumaa, na wageni wapo.

Hakukaa. Sauti inamtetemeka lakini inakwenda. "Ulimeza kwa chai ya maziwa. Ulikuwa umesimama dirishani. Ukasema AC ya jirani inadondosha maji kwenye mlimau wako, na ukasema utamwambia wewe mwenyewe, kwa sababu mwanao hana kifua cha kusema na watu."

Nikauona mlimau. Nikayaona maji, tone, tone, na nikakikumbuka kikombe cha chai, na ule uchungu wa kidonge nilioufukuza kwa maziwa. Yote yakanijia. Nikakitazama kidonge kiganjani, nikakirudisha mkobani, nikafunga zipu.

Chumba kizima kinanitazama. Nikachukua kifinjani changu, bado kilikuwa na kahawa ndani, nikainywa yote, nikakinyoosha kumwelekea yeye, nikakitikisa.

Akakaa, akafunika uso kwa mtandio, na mabega yakawa yanacheza. Hata leo sijui alikuwa analia au anacheka. Mwanangu alicheka kwa sauti, nikamkata jicho.

Dada yangu bado ana dele mkononi. "Asiyefunzwa na mamaye..." akaanza.

"Huyu kafunzwa," nikamkatiza. "Nimemfunza mimi, meza hii hii."

Jumapili nilimpeleka chuoni mwenyewe kwa gari yangu. Njiani akanambia nimepita njia ya kuingilia chuo, nirudi nyuma. Nikarudi nyuma. Nilimsubiri kwenye gari na AC na tasbihi, na alipotoka alinambia kitu kimoja tu: "Kwenye dripu, mama, niliangalia mkono."

Matokeo yalikuja kwenye simu yake, sote tuko jikoni. Alisoma, akanipa nisome mimi, nikatafuta miwani, iko kichwani. Amepita, na vizuri. Nililia wazi wazi, na siku hiyo jikoni hapakuwa na kitunguu hata kimoja. Akanipigia goti kunishukuru, na safari hii sikumwambia asimame wima. Nilimshika kichwa nikakibusu.

Jioni dada yangu akapiga simu. Habari zilishamfikia, Muscat hii haina siri. Akanipa hongera, akauliza kapata ngapi, akasema mashaallah. Kisha akashusha sauti.

"Yuko hapo huyo mkaza mwanao?"

"Yuko. Unataka kumsema?"

"Nani kamsema? Mpe simu. Nna dawa zangu hapa za sukari, mbili zinafanana rangi, na nnavyozinywa nataka anisikilize."

Nikampa simu. "Shikamoo, mama mkubwa," akasema, na hata kwa simu goti likapinda. Akasikiliza, muda mrefu, maana dada yangu habari zake hazina kituo. Nikamwona anakunja uso. Nikamwona ananitazama. Kifinjani changu kitupu kilikuwa mezani baina yetu, nikakisukuma kwake. Akakitazama, akakiacha pale pale.

"Hapana, mama mkubwa," akasema. "Hapo umekosea."